Fleya na rimu pana kwenye Datsun 240Z: msumeno uje mwisho

Wakuu, hii mada ya kupachika fleya na rimu pana kwenye gari za zamani inaulizwa sana, na karibu kila mara mtu anaianzia mwisho. Anaonyesha picha ya fleya alizozipenda anauliza "hizi zitakaa kwangu?" wakati hajui bado atavaa tairi saizi gani, rimu ofseti ngapi, na gari itasimama kimo gani. Fleya ni kifuniko tu cha tairi iliyotoka nje ya bodi, sasa kama hujui tairi inatoka kiasi gani unafunika nini? Naomba niieleze kwa gari moja tu, Datsun 240Z, kwa sababu kila gari ina mambo yake na nikichanganya tano sita hapa tutapotea wote, na pia kwa sababu hii gari naipenda sana na nimeshaona nyingi mno zikiharibiwa na watu waliokuwa na nia nzuri kabisa.

Halafu 240Z ni yetu pia. Wajapani waliitoa kwao mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z, ikaanza kwenda nje 1970 kama 240Z, injini silinda sita za mstari L24 yenye cc 2393, na mwaka uliofuata tu, 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda nayo mbio za magari za East African Safari. 1973 ikashinda tena, safari hii Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mpaka leo kwenye East African Safari Classic, ile ya magari ya zamani iliyoanza 2003, Z bado zinakimbia vumbi na matope ya huku kwetu. Kwaiyo mtu akikwambia hii ni gari ya lami tu muonyeshe hiyo.

Na fleya zenyewe hazikuanza kama urembo. Kwenye mashindano sheria zilikuwa zinabana, ukitaka kukimbia na umbo fulani la bodi inabidi kiwanda kiwe kimeuza gari za namna hiyo kwa watu wa kawaida. Ndo ikazaliwa 240ZG mwaka 1971, iliyouzwa Japani, pua ndefu imeongezwa mbele na fleya zimefungwa juu ya fenda kwa skrubu zinazoonekana waziwazi. Zile skrubu unazoziona leo kila mahali kwenye fleya za kuiga zimetoka huko. Sasa ukiiangalia ZG vizuri fleya zake ni nyembamba, zinaongeza sentimita chache tu kila upande. Zile pana sana unazoona kwenye picha zinafuata magari ya mashindano ya Marekani na Japani, na yale magari hayakuwa na kazi ya kwenda sokoni Jumamosi wala kupita tuta la mtaani na abiria.

Tuanze na kilichotoka kiwandani. 240Z ilikuja na rimu ya chuma ya inchi 14 yenye upana wa inchi 4.5 tu, na tairi 175. Gari yenye sifa zile na tairi nyembamba vile, kwaiyo anaetaka kuongeza upana hakosei, hata mimi namuunga mkono. Swali ni kiasi gani, na huo upana uende upande gani.

Hapo ndo kwenye ofseti, na hapa naomba tusiende haraka. Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka ule uso wa rimu unaolala kwenye habu, yaani kile kitovu cha gari rimu inapofungwa. Ikiwa 0 maana yake uso uko katikati kabisa. Ikiwa chanya uso umesogea nje, kwaiyo rimu inaingia ndani ya gari. Ikiwa hasi rimu inatoka nje. Chukua rimu ya 7J, yaani yenye upana wa inchi 7, ofseti 0: inchi 7 ni milimita 178, basi 89 ziko ndani na 89 ziko nje. Weka 9J ofseti 0, inakuwa 114 ndani na 114 nje, umeongeza 25 kila upande. Sasa weka 9J ofseti -20: ndani inakuwa 94, nje 134. Yaani ukilinganisha na ile 7J, ndani umeongeza milimita 5 tu lakini nje umetoka milimita 45! Hiyo 45 ndo inakulazimisha kununua fleya pana na kukata bodi, na rimu zote mbili zinaitwa "naini jei", muuzaji anakwambia 9J basi unalipa unaondoka. Uliza ofseti kila wakati. Isome mwenyewe nyuma ya rimu, imeandikwa ET au imegongwa namba tu, kama haipo weka rula bapa juu ya mdomo wa nyuma wa rimu upime mpaka kwenye uso wa habu upige hesabu. Na kumbuka hizo ni hesabu za rimu, tairi yenyewe tumbo lake linaweza kuvimba zaidi ya rimu, acha nafasi.

Sasa watu wengi wanaangalia nje tu, kumbe kwenye Z nafasi ya maana imejificha ndani. Hii gari mbele ina shokapu za kusimama na nyuma pia ni za kusimama, na kile kikombe cha chini kinachobeba springi ni kipana, kinatoka kuelekea tairi. Ukiweka tairi pana nyuma, ubavu wake wa ndani unakutana na kikombe au na bomba la shokapu lenyewe. Mwenye haraka anaweka speisa, kile kipande cha chuma kinachokaa kati ya habu na rimu, anasukuma kila kitu nje, halafu anarudi kulalamika kwamba tairi inakata fenda. Lakini ukibadilisha ukaweka koilova, yaani shokapu iliyozungukwa na springi yake, zenye springi nyembamba za kipenyo cha inchi 2.5, kile kikombe kikubwa kinaondoka na unapata nafasi ya kusogeza rimu ndani. Kila milimita unayoipata ndani ni milimita ambayo hutaikata nje. Kuna watu wanaishia 8J bila kukata chochote cha maana, wanakunja tu ule mdomo wa ndani wa fenda, na gari inakaa vizuri kuliko ya jirani mwenye fleya za gunia zima la hela.

Mbele mambo ni tofauti kwa sababu tairi inageuka. Pale iko sawa ukiiangalia imesimama, ukikata usukani mpaka mwisho kona ya mbele ya tairi inaenda kugusa chini mbele, pale fenda inapokutana na kipande cha chini ya bampa, na kona ya nyuma inaenda kutafuta chini ya fenda karibu na mlango. Na kadiri ofseti inavyokuwa hasi ndivyo tairi inavyochora duara kubwa zaidi ikigeuka, kwa sababu iko mbali na mhimili wake wa kugeukia. Hii ndo sababu mbele huwa naona rimu ya ofseti ya kawaida inafaa zaidi hata kama nyuma umeenda na hasi.

Tairi. Hapa nina msimamo: tafuta tairi kwanza dukani ndo ununue rimu. Rimu za inchi 15 ndo zinapendeza kwenye hii gari, sibishi, lakini tairi pana za inchi 15 zimekuwa adimu, viwanda vimehamia saizi kubwa, utakuta nyingi zilizobaki ni za mashindano na hazina maisha kwenye barabara zetu. 195/60R15 na 205/60R15 (upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, halafu inchi za rimu) bado zinapatikana na zinatosha kabisa kwa 7J. Ukitaka kuepuka shida ya kutafuta, 205/55R16 ipo kila duka la tairi kuanzia Mombasa mpaka Mwanza, na kimo chake ni milimita 632 hivi, karibu sawa na tairi ya kiwandani ambayo ni kama 640. Ukienda 225/50R15 unashuka mpaka 606. Inaonekana kidogo lakini tairi fupi inazunguka mara nyingi zaidi, spidomita inasoma 100 wakati wewe unaenda 94 au 95, injini inapiga kelele zaidi kwa mwendo uleule, na gari imeshuka karibu sentimita 2 kutoka chini bila wewe kugusa springi. Kwenye matuta yetu hizo sentimita 2 utazikumbuka.

Rimu za mitumba je? 240Z ni tundu 4 kwa 114.3, na huo mpangilio upo kwenye gari nyingi za Kijapani, mfano Nissan Primera P11, kwaiyo utapata rimu inayoingia kwenye stadi, zile bolti za habu, bila ugomvi. Tatizo ni kwamba Primera inavuta kwa mbele, na rimu za gari za hivo zina ofseti chanya kubwa, zinajaa ndani zinagusa shokapu. Kuingia kwenye stadi na kufaa ni vitu viwili. Ukiamua kutumia speisa kuziokoa basi pima nati inashika kiasi gani, stadi za hizi Nissan ni milimita 12 zenye hatua ya 1.25, nati ikizunguka chini ya mara 10 hivi kutoka ulipoanza kushika mpaka inapokaza, usiendeshe hiyo gari, weka stadi ndefu. Na tobo la katikati la rimu lipime pia, kama ni dogo kuliko kichwa cha habu rimu hailali, kama ni kubwa weka ringi ya kujazia, la sivyo usukani utatetemeka na utalaumu balansi bure.

Sasa kupima, na hii ndo kazi watu wanairuka. Kwanza gari iwe kwenye kimo chake cha mwisho, alaimenti imefanywa, bushi zilizokufa, zile raba za kwenye maungio ya mikono ya chini ya gari, zimebadilishwa. Bushi ikichoka tairi inahama sehemu yake kwa milimita kadhaa kila ukifunga breki, utapima leo kesho si kweli tena. Halafu pandisha gari kwenye stendi za maana, sio jeki peke yake, toa springi upande mmoja, rudisha shokapu ikiwa tupu bila springi lakini na ile raba yake ya kuzuia mwisho, funga rimu na tairi yenyewe utakayotumia. Weka jeki chini ya mkono wa chini, anza kupandisha polepole. Tairi inapanda mbele ya macho yako na utaona kitu ambacho kwenye gari iliyosimama huwezi kukiona: haipandi wima. Inaegama, juu inaingia ndani, na nyuma inasogea kidogo pia kwa urefu. Ile sehemu ya fenda uliyodhani ndo itagusa unakuta imepona, na sehemu ambayo hukuiwazia, pengine chini kidogo karibu na mlango, ndo inagusa. Paka chaki kwenye bega la tairi, izungushe kwa mkono, chaki itaacha alama pale pale inapogusa. Mbele fanya hivohivo lakini katika kila kimo kata usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Hii ndo ramani yako ya kukata. Mwingine atapata sentimita 3 pande fulani, mwingine atagundua hahitaji kukata ila kukunja mdomo tu, na amejiokolea pesa.

Ukishajua lazima ukate, ujue kwamba mbele na nyuma kwenye hii gari si kazi moja kabisa. Fenda za mbele za Z zimefungwa kwa bolti. Unaweza kuzitoa zile za asili ukazifunga kwenye blanketi ukaziweka stoo, ukakata fenda nyingine ya mtumba au ya faiba, na siku ukitaka kurudisha gari ya asili unarudisha ndani ya siku moja. Nyuma huna hiyo bahati. Ubavu wa nyuma umechomelewa, ni sehemu ya bodi, na pale kwenye upinde wa tairi kuna mabati mawili, la nje unaloliona na la ndani lililo kama boma la tairi, yamekutana na kushikana kwa nukta za kulehemu kwenye ule mdomo. Ukikata huo mdomo umeyaachanisha. Na hapa ndo naona gari zinauawa: fundi anakata, anafunga fleya juu, gari inapendeza, na ndani kumebaki uwazi mrefu kati ya bati na bati. Matope yanaingia, maji yanaingia, yanakaa mle ndani kwenye pembe ambazo hata mkono haufiki, miaka miwili mitatu ubavu wote umekuwa kutu kutokea ndani. Na sio hilo tu, moshi nao unapita. Z zinajulikana kwa kuvuta harufu ya ekzosi ndani kupitia raba za mlango wa nyuma zikichoka, sasa wewe umemfungulia mlango mwingine.

Namna sahihi ni kukata bati la nje kwanza kwa kufuata alama zako, ukiacha la ndani likiwa refu. Lile la ndani lichanje kwa vipande vidogovidogo, upana kama wa vidole viwili, halafu kimoja kimoja kikunje kuelekea nje kigongwe taratibu mpaka kilale kwenye bati la nje. Hapo chomelea, nukta moja huku, nukta nyingine kule mbali, acha bati lipoe, rudi. Ukivuta mstari mrefu wa moto kwa mpigo mmoja ubavu unajikunja na utaufunika kwa puti ambayo itapasuka. Ukimaliza piga praima ya kuzuia kutu, jaza silanti, ile dawa ya kuziba, kila mshono, paka lami ya chini ya gari kwa upande wa tairi. Ndo hivo, hakuna njia ya mkato hapa.

Na jamani, upande wa kulia nyuma kuwa makini zaidi ya makini. Mdomo wa kujazia petroli uko ubavu huo, bomba lake la raba linashuka humo humo ndani, na kuna mipira ya mvuke inayopita karibu. Kabla grinda haijawashwa betri itolewe, tangi litolewe au angalau bomba na mipira yote iondolewe na matundu yazibwe, na mtu mmoja asimame na mtungi wa kuzimia moto bila kazi nyingine yoyote. Cheche moja inatosha. Fundi akikwambia "tutaweka kitambaa kibichi tu" chukua gari yako uende.

Kama Z yako ni ya asili, ubavu wa nyuma haujawahi kuguswa na hauna kutu, maoni yangu ni usikate. Zimebaki chache sana. Lakini nyingi zilizopo zimeshaoza pale pale kwenye mdomo wa nyuma, kwa sababu hata kiwandani yale mabati mawili yalikuwa yanabana matope, na kwa gari ya hivo kukata ni kama kutoa jino bovu, unaondoa kilichokwisha kufa na fleya inakaa mahali pake kwa haki.

Fleya zenyewe: faiba ni rahisi na nyepesi lakini ikilazimishwa inapasuka kwenye tundu la skrubu. Bodi ya gari ya miaka 50 imeshanyooshwa mara kadhaa, kushoto na kulia hazifanani, kwaiyo fleya lazima isagwe mpaka ilale yenyewe bila kubanwa. Ukiikandamiza kwa skrubu ili ifuate bodi, ufa unakusubiri. Ishike kwa tepu, rudi nyuma mita kadhaa uangalie gari yote, linganisha upande wa pili, na toboa kuanzia juu katikati ya upinde ukishuka pande zote mbili, ukianza mwisho mmoja kwenda mwingine inakuja kujikunja mwishoni. Tundu la kwenye faiba liwe kubwa kuliko skrubu kidogo, weka washa pana, na kati ya fleya na rangi pitisha raba nyembamba ili vumbi lisisage rangi kama msasa. Kila tundu ulilotoboa kwenye bati lipakwe praima kabla skrubu haijaingia. Usigundishe kwa silikoni tu, na usijaze puti kwenye maungio ili ionekane kipande kimoja, mtetemo wa barabara ya changarawe utaipasua yote.

Kuna gharama nyingine hazipo kwenye risiti. 240Z haina pawa stearingi. Ukisukuma tairi za mbele nje kwa ofseti hasi usukani unakuwa mzito kwenye kuegesha, na barabarani unaanza kukuvuta mikononi, tairi ikikuta mfereji wa magurudumu ya malori inataka kuufuata. Beringi za magurudumu zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi kuliko zilivyotengenezewa, kwaiyo zikague mara kwa mara, shika tairi juu na chini uitikise. Na kampuni ya bima uiambie kwa maandishi kabla, pamoja na picha, sio siku ya ajali.

Mkiwa mmemaliza, safari ya kwanza iwe fupi na taratibu, na mtu amekaa upande wa pili ili gari iwe na uzito halisi. Baada ya kilomita kama 100 kaza tena nati za rimu zote, halafu ingia chini na tochi uangalie mabega ya tairi ndani na nje, silanti, mipira ya breki ya mbele ukiwa umekata usukani mpaka mwisho. Ukiona sehemu rangi imeng'aa au tairi ina mstari laini uliosuguliwa, usingoje mpaka ikate, rudi kwenye stendi ujue ni kimo, ni ofseti au ni bushi.